HAWANUNUI DENI LAKO, WANAKUNUNUA WEWE!

Na Mwandishi wa Kujitegemea

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni unasoma gazeti hili kwa zamu na wenzako watano, hebu weka kikombe cha kahawa chini kidogo. Toa simu yako mfukoni. Hesabu meseji ulizotumiwa wiki hii na watu usiowajua wakikuita "mteja wetu mpendwa". Mteja wao mpendwa! Tangu lini mlalahoi akawa mpendwa wa mtu mwenye fedha?

Ukishamaliza kuhesabu, tazama ukuta wa benki utakayopita leo ukirudi nyumbani. Huenda utaona bango lenye picha ya mtumishi anayecheka mpaka jino la mwisho, na chini yake maneno matamu: Tunanunua deni lako! Hamisha mkopo wako kwetu! Punguza makato, upate na fedha taslimu juu yake!

Nataka leo tuulizane swali moja tu, mimi na wewe, bila kuoneana haya. Mtu akikwambia ananunua deni lako, yeye anapata nini? Karanga ukinunua unakula, shati ukinunua unavaa. Deni likinunuliwa linaliwaje?

Mimi si msomi. Nimeishia kidato cha nne, na hesabu sikufaulu vizuri, sitaki kukudanganya. Lakini kuzidisha na kutoa nilifundishwa, tena kwa fimbo. Na ndugu msomaji, ukiwa na kuzidisha na kutoa tu, changa hili la macho linaonekana mchana kweupe.

MCHEZO ULIKOANZIA

Kule Marekani watu wanaishi kwa kadi za mkopo. Anakwenda dukani hana senti, anatoa kadi, anaondoka na mzigo. Kwa miaka ya karibuni riba ya kadi hizo imekuwa kwa wastani zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Mtu akishazama kwenye kadi moja, kampuni nyingine inamwandikia barua ya huruma: Ndugu, pole sana, lete deni lako huku kwetu, hatutakutoza riba kwa miezi 12, au 18, hata 21.

Bure? Subiri kwanza. Wanatoza ada ya kuhamisha, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya deni lote, na ada hiyo inabandikwa juu ya deni siku hiyo hiyo. Aliyekuja na deni la dola 5,000, kwa ada ya asilimia 5, anaanza safari akiwa na deni la dola 5,250. Akilipa lote ndani ya muda wa ofa, ameokoka, na nasema kweli kwamba amefaidika. Akichelewa, kinachobaki kinarudi kwenye riba ile ile kubwa aliyokuwa anaikimbia.

Kampuni zile hazifanyi hivyo kwa sababu zinapenda watu. Zinajua binadamu ni nani. Zinajua kwamba mtu akishaona kadi ya kwanza imebaki nyeupe, haina deni, mkono utamwasha. Ataitumia tena. Baada ya mwaka ana madeni mawili mahali alipokuwa na moja.

Huo ndio mchezo wenyewe. Hapa kwetu haukuja na kadi. Umekuja kwa milango miwili: mlango wa karatasi ya mshahara, na mlango wa simu ya mkononi. Tuanze na wa kwanza, kwa sababu umepita nyumbani kwetu.

KAKA YANGU NA MAKATO YAKE

Nina kaka yangu, mtoto wa mama yangu, ni mwalimu wa sekondari hapa hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji, na benki zake sizitaji, maana sikuja hapa kumwanika ndugu yangu wala kutafuta kesi. Nataka uone hesabu.

Januari 2022 alikopa sh. 6,000,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye deni linalobaki, alipe kwa miezi 48. Kila mwezi alikatwa sh. 173,131. Haya, alivumilia. Miaka miwili ikapita. Alikuwa amekwishalipa zaidi ya sh. 4,155,000. Akadhani amebakiwa na kama milioni mbili hivi.

Akaambiwa bado anadaiwa sh. 3,500,000!

Usishangae, hakuibiwa. Ndivyo mikopo hii inavyokwenda. Mwanzoni sehemu kubwa ya rejesho lako inakula riba, na mtaji unaguswa kidogo kidogo. Riba nyingi unailipa mwanzo, unafuu unakuja mwisho. Kaka yangu alikuwa amekwishalipa riba ya zaidi ya sh. 1,650,000, na kwa miezi 24 iliyobaki riba ilikuwa imebaki kama sh. 653,000 tu. Kwa maneno mengine alikuwa amekwishaupanda mlima, sasa anateremka.

Hapo ndipo akatokea kijana mmoja mtanashati na tai yake, afisa mikopo wa benki nyingine, akaja mpaka shuleni, ofisi ya walimu, saa ya chai. "Mwalimu, kwa nini unateseka na asilimia 17? Sisi tunakupa asilimia 15. Tunalinunua deni lako lote, tunakuongezea milioni mbili mkononi, na makato yako yanashuka kutoka laki na sabini na tatu mpaka laki na thelathini. Unapoteza nini?"

Wewe ungekataa? Riba imeshuka, makato yameshuka, fedha mkononi. Kaka yangu aliweka sahihi Januari 2024. Alinipigia simu kwa furaha: "Dogo, nimeula!"

Sasa tulete kuzidisha na kutoa.

Mkopo mpya ulikuwa sh. 5,500,000 kwa miezi 60. Makato sh. 130,844 kwa mwezi. Zidisha kwa 60: unapata kama sh. 7,850,000. Kama angetulia na deni lake la zamani, alikuwa amebakiza kulipa sh. 4,155,000 basi. Toa hiyo kwenye ile. Kaka yangu amejiongezea mzigo wa sh. 3,695,000.

Na alipata nini mkononi? Milioni mbili alizoahidiwa? Thubutu! Benki ya zamani ilimtoza asilimia 3 kwa kosa la kulipa kabla ya muda, yaani sh. 105,000. Benki mpya ikamtoza asilimia 2 ya mkopo mpya, ada ya kuandaa mkopo pamoja na bima, sh. 110,000. Zilizoingia mfukoni ni sh. 1,785,000. Zilikwisha kabla ya Pasaka.

Soma tena polepole, ndugu msomaji. Alipokea sh. 1,785,000. Atalipa kwa ajili yake sh. 3,695,000. Na deni ambalo lingeisha Desemba 2025, sasa linaisha Desemba 2028. Miaka mitatu ya jasho lake imeuzwa saa ya chai.

"LAKINI RIBA ILISHUKA!"

Najua kuna msomi mmoja hapo kijiweni amekunja uso. Anasema kosa ni la kaka yako, asingechukua fedha za ziada, asingerefusha muda, kuhama kungemfaa.

Sawa, msomi, twende taratibu. Tuseme kaka yangu amehamisha zile sh. 3,500,000 peke yake, hakuongeza hata senti, na akabaki na miezi yake ile ile 24. Kwa asilimia 15 angelipa riba ya kama sh. 573,000. Alikotoka ilibaki sh. 653,000. Ameokoa sh. 80,000. Lakini ada za kutoka kule na kuingia huku, asilimia 3 na asilimia 2, ni sh. 175,000. Amepata hasara ya sh. 95,000 kwa kuhamia kwenye riba nafuu!

Na kama angechukua ile ile sh. 3,500,000 akairefusha kwa miezi 60 ili makato yawe madogo? Makato yangeshuka mpaka sh. 83,265, angecheza ngoma. Lakini riba yote ingekuwa kama sh. 1,496,000, zaidi ya mara mbili ya ile aliyobakiza kulipa. Kukatwa kidogo kwa muda mrefu ni kukatwa kingi. Mshumaa mwembamba unaowaka usiku kucha unamaliza nta ile ile na zaidi.

Sisemi kuhama hakufai kamwe. Mwandishi akisema hivyo atakuwa anadanganya, na sisi hapa hatuna kazi hiyo. Tuseme kaka yangu angehama mapema, baada ya miezi sita tu, anadaiwa bado kama sh. 5,452,000, na akapata mahali pa asilimia 13, kwa miezi ile ile 42 iliyobaki, bila kuongeza fedha. Angeokoa riba ya kama sh. 456,000. Ukitoa ada za asilimia 5, ambazo ni kama sh. 273,000, anabaki na faida ya sh. 183,000 hivi. Hiyo ni fedha halali, achukue.

Umeona tofauti? Deni bado bichi, riba imeshuka kwa kishindo, muda haukurefushwa, hakuna fedha ya ziada. Lakini niambie, ni afisa mikopo gani atakufuata shuleni au kazini na ofa ya namna hiyo? Atakula nini?

MLANGO WA SIMU

Wewe unayeendesha bodaboda, wewe machinga wa Kariakoo, utasema haya ni ya watumishi wa serikali, wewe huna karatasi ya mshahara. Kweli. Kwako wameingia kwa mlango wa pili, na huko ada ni kali zaidi kwa sababu imevalishwa nguo za watoto.

Ndugu zetu wa Kenya walitangulia. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Angalia neno: ada, si riba. Mtu anasema ah, saba na nusu, kitu gani! Lakini ni kwa mwezi mmoja. Zidisha kwa 12, ni asilimia 90 kwa mwaka. Benki ikikwambia riba ya asilimia 90 utaita polisi. Simu ikikwambia asilimia 7.5 unabonyeza moja kukubali.

Na hao walikuwa na leseni, wana benki nyuma yao. Baada yao wakaja wengine, programu za mikopo zisizo na ofisi wala mlango, hata meneja humjui. Hizi ndizo mtaani tumezipa jina linalozistahili: kausha damu.

Hapa kuhamisha deni hakuhitaji afisa wala tai. Unahamisha mwenyewe, usiku wa manane, umelala chali kitandani. Umekopa sh. 100,000 kwenye programu ya kwanza, ada asilimia 15, siku 14. Siku imefika, huna. Unakopa ya pili sh. 115,000 ulipe ya kwanza. Siku 14 nyingine, unakopa ya tatu sh. 132,250 ulipe ya pili. Kisha ya nne sh. 152,087 ulipe ya tatu. Siku ya 56 unadaiwa sh. 174,900. Kumbuka ulikula laki moja tu, na huenda ulimnunulia mtoto dawa. Sh. 74,900 hukuzila wewe wala mwanao. Zimeliwa na safari ya deni kutoka mlango huu kwenda mlango ule.

Na siku ukishindwa, wanaanza kupiga simu. Si kwako. Kwa mama mkwe, kwa bosi, kwa kila jina lililomo kwenye simu yako, maana uliposakinisha uliruhusu wasome majina yote. Heshima uliyojenga miaka kumi inabomolewa asubuhi moja kwa ajili ya elfu hamsini.

WAKUBWA WALIKUWA WAPI?

Hapa sasa lazima tuwaulize wenye nchi.

Mwaka 1991 ilipopitishwa sheria ya mabenki na taasisi za fedha, na mwaka 1997 benki ya taifa NBC ilipogawanywa, baba zetu waliambiwa ushindani utamnufaisha mwananchi. Tumeuona ushindani. Wanashindana kweli kweli, wanashindana kutukopesha!

Sheria ya huduma ndogo za fedha ilipitishwa mwaka 2018. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zikatoka mwaka 2019. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ikapitishwa mwaka 2022. Makaratasi tunayo, tena mazuri. Lakini orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, Benki Kuu iliitangaza Novemba 2024. Sitini na tisa! Zilizaliwa zote usiku mmoja? Zilipokuwa tatu, zilipokuwa kumi, zilipokuwa arobaini, nani alikuwa amelala?

Marekani, mabepari wenyewe, walipitisha mwaka 1968 sheria inayomlazimisha mkopeshaji aseme gharama ya mkopo kwa kipimo kimoja, kwa asilimia ya mwaka, ili mkopaji alinganishe duka na duka. Mwaka 2009 wakaongeza nyingine: riba ya ofa kwenye kadi lazima idumu angalau miezi sita, si kumvuta mtu leo na kumgeuka keshokutwa. Na bado watu wao wanazama. Je, sisi ambao ada yetu inasomwa sekunde mbili kwenye kioo cha simu, usiku, kwa maandishi madogo?

Tunachodai si kikubwa. Kila meseji ya mkopo na kila bango la kununua deni viandike mambo matatu kwa herufi kubwa: riba kwa mwaka, jumla ya fedha utakayolipa mpaka mwisho, na jumla utakayolipa ukikaa ulipo. Kama biashara yao ni halali, wanaogopa nini kuandika?

KWA NINI NAPIGA KELELE

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Si zile milioni tatu.

Mwaka jana walimu wenzake kaka yangu walikubaliana waende ofisi ya halmashauri kudai posho zao za uhamisho, ambazo wamezungushwa muda mrefu. Walimtaka kaka yangu awe msemaji, kwa sababu ni mtu wa maneno, shuleni alikuwa bingwa wa mdahalo, mimi mwenyewe nilijifunza kusema kwake. Alikataa. Nilimfuata nyumbani Temeke nimuulize kulikoni. Alinyamaza kwanza, kisha akasema taratibu: "Mdogo wangu, mimi nina makato mpaka 2028. Nikihamishwa au nikisimamishwa, nani atalipa?"

Alitoa karatasi yake ya mshahara, akanionyesha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inakata asilimia 15 yake, iliyopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na tunashukuru, lakini makato yenyewe yapo pale pale. Chini yake benki. Chini yake chama cha wafanyakazi na bima ya afya. Kuna kanuni inayotaka mtumishi abaki walau na theluthi moja ya mshahara wake. Ndiyo maana deni linanunuliwa na kurefushwa, ndugu msomaji: makato yakishushwa kidogo, nafasi inapatikana juu ya ile theluthi, na nafasi hiyo inajazwa na mkopo mwingine. Kanuni iliyowekwa kumlinda imegeuzwa kuwa kipimo cha kukamulia.

Mtu aliyefundisha watoto wetu kusema kweli, leo anaogopa kusema kweli. Hakufungwa wala hakupigwa. Amenunuliwa kwa sh. 1,785,000 na yeye ndiye anayelipa bei.

Kwa hiyo wewe kijana, kabla hujabonyeza moja, kabla hujamwekea sahihi yule mwenye tai, fanya haya. Uliza benki yako ya sasa umebakiza jumla kiasi gani mpaka mwisho, na wana faini gani ukitoka mapema. Uliza benki mpya jumla ya yote mpaka shilingi ya mwisho, ada na bima ndani yake. Weka namba mbili kando kwa kando. Ya pili ikiwa kubwa, ondoka, hata kama makato ya mwezi ni madogo. Wakikupa miezi zaidi, kataa. Wakikupa fedha juu yake, jua hiyo ndiyo ndoana. Na wakikataa kukuandikia namba kwenye karatasi, basi wamekwishakujibu.

Kwa wa simu, dawa ni fupi: usilipe programu kwa programu. Bora umfuate mjomba, bora kikoba cha mtaani, bora uuze redio. Ni aibu ya siku moja.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kuhama.